Mashavu ya Vidonge

Walisema mtoto hatafika mavuno ya mahindi. Walilisema mbele yangu, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaozungumzia mvua. Mke wangu tulimzika njiani, upande wa Tanzania, tulipokimbia vita kutoka kwetu Fizi, na mimi nikaingia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na binti anayejifunza kusimama, pamoja na diploma yangu ya Serikali niliyoifunga kwa nailoni na kuishonea ndani ya koti. Jirani mmoja alipoiona alicheka.

"Mwalimu, iyo karatasi njo itanyonyesha mutoto?"

Leo ninaandika haya nikiwa nimerudi nchini kwetu, Uvira, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, matofali ya kuchoma mpaka juu, na binti huyo amenizidi kimo. Hakunisaidia mjomba wala mheshimiwa yeyote. Kwa hiyo nina haki ya kukasirika, na bado nimekasirika.

Pale kambini heshima ya nyumba ilionekana kwenye uso wa mtoto. Akiwa na mashavu, mnaheshimiwa hata kama paa linavuja. Akikonda, ni aibu ya ukoo mzima, na akina mama wa kanisa huja kuitembelea aibu hiyo kama wanavyotembelea msiba: wanaimba, wanaomba, kila mmoja anaacha kitu. Siku walipokuja kwetu sikuwepo. Nilikuwa nimepata kazi mjini Lilongwe, mtaa wa Area 18, ya kushona sare za shule kwenye baraza la duka, na kambini nilirudi mwisho wa juma tu. Binti alibaki na dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya. Akina mama wale walimwachia sabuni, chumvi, na vidonge vilivyofungwa katika kipande cha gazeti.

Vidonge hivyo tulivijua sote. Kwetu wanawake walivimeza kabla ya harusi ili wajae. Kambini aliviuza bwana mmoja aliyevaa koti jeupe, ambaye watu walimwita dokta. Alivimwaga juu ya kitambaa karibu na betri za redio na nyembe, akivisifu kwamba vinaleta hamu ya kula. Hakuuliza atakayemeza ni nani, bibi harusi au mtoto asiyefikia goti la mtu. Yaya akawa anaviponda na kuvichanganya na uji, asubuhi na jioni, kwa upendo wote.

Niliporudi nilikuta uso wa mviringo kama sahani, na majirani mlangoni wakipongeza.

"Bantu balisema tutamuzika," Yaya akaniambia. "Sasa angalia ile mashavu."

"Anakula?"

"Siku za kwanza alikula sana, hata sufuria alilamba. Sasa analala."

"Analala mchana kutwa?"

"Mutoto mwenye kushiba analala. We unataka afanye nini, asome gazeti?"

Majirani wakacheka. Mimi nilisomea ualimu, na mtoto asiyecheza ninamtambua hata kutoka mlangoni. Nilimwita. Alifungua macho, akayafunga. Mikono yake ilikuwa vijiti kama nilivyoiacha. Kilichojaa ni uso, na miguu, ambayo haikuingia tena kwenye viatu vyake.

Kilichonichoma zaidi ni habari ya unga. Kulikuwa na mradi uliogawa unga wa lishe kwa watoto waliokonda. Walimweka binti yangu kwenye mzani, wakaona uzito umepanda, wakamtoa. Yaya alirudi mikono mitupu akijivuna kwamba mtoto amepona. Nilikwenda kumwona mpimaji.

"Mzani hausemi uongo, baba," alinijibu bila kuniangalia. "Nyuma yako kuna mama mwenye mtoto mgonjwa."

Nilimwambia mzani unapima hata maji ya uvimbe. Akaniomba nipishe.

Nikamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge cha Yaya, na wanaume waliokuwa wakicheza karata wakanisindikiza kwa maneno mpaka barabarani. "Mama Mwalimu, unaenda kunyonyesha wapi?" Sikugeuka. Nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, kisha basi dogo hadi Lilongwe.

Hospitalini daktari alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Alipokiondoa kidole, shimo lilibaki. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kambini, kwa hiyo sikuhitaji mkalimani. Nilimpa kile kipande cha gazeti na vidonge vilivyobaki.

"Nani alimpa hivi?"

"Kanisa."

Alivimwaga kiganjani, akavigeuza kwa kidole. Kisha akaeleza kwamba mle mlikuwa na dawa mbili tofauti: moja ilimlaza mtoto, nyingine ilimchochea kula kwa muda huku ikijaza maji mwilini. Mtoto alikuwa amevimba tu. Ndani ya uvimbe njaa ilikuwa pale pale, na minyoo, na malaria, mambo ambayo ndiyo yaliyomkatisha hamu ya kula tangu mwanzo. Kambi nzima iliuliza mtoto huyu atanenepaje, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini hataki kula.

Nilitaka kuvitupa chooni. Daktari akanizuia. Dawa ile ya pili, alisema, mwili ukishaizoea haiachwi ghafla, mtoto anaweza kuzimia akafa. Wangempunguzia wao, kidogo kidogo. Hata hilo bwana wa koti jeupe hakuwaambia akina mama waliovinunua.

Tukalazwa. Alitibiwa minyoo na malaria, maji yakatoka, na mtoto akabaki mdogo kuliko nilivyomleta. Yaya alipokuja kututazama alishika kichwa.

"Ulibeba mutoto munene. Sasa ona mifupa."

"Iyo mifupa njo mutoto, Yaya. Ile ingine ilikuwa maji."

Alilia, na sikumbembeleza.

Tulipotoka, daktari aliagiza uji mara nyingi kwa siku, wenye karanga zilizotwangwa, mafuta na yai. Mimi sikuwa na kitu. Siku zote za hospitali sikushona hata sare moja, na mradi ulisema nisubiri uandikishaji mwingine. Basi nikapita nyumba kwa nyumba na kikombe, mimi mwenye diploma, kwa watu wale wale waliokuwa wamemzika binti yangu kwa midomo. Familia moja ya Wanyarwanda ilinikopesha mayai. Jirani aliyeicheka diploma akatoa mafuta. Bibi mmoja wa Fizi, muuza karanga, alinijazia kikombe akaguna. "Nakukopesha, mwanangu, lakini naona unalisha kaburi."

Mwenye duka alikubali nishonee kambini, kwa sababu mishono yangu ilikuwa bora kuliko ya mafundi wake wote. Uji nilipika mwenyewe. Sikumwachia Yaya wala yeyote kile kijiko. Mwanzoni mtoto alilamba akageuza uso. Halafu akameza. Asubuhi moja nilimkuta ameingiza mkono wote kwenye kinu, anaiba karanga, na sijawahi kufurahia mwizi kama siku ile.

Sare zilipolipwa nilinunua gunia la karanga, trei ya mayai na mafuta, nikawarudishia wote siku moja, mchana, watu wakiona. Binti alitembea mbele yangu kwa miguu yake. Mwisho tulifika kwa bibi wa karanga. Alimtazama mtoto, akanivuta pembeni, akashusha sauti.

"Mwalimu, nina mujukuu amekonda. Niambie jina la dawa ulimupatia."

"Karanga zako, bibi. Na hospitali kwanza, wajue kinachomkataza kula."

"Usinifiche. Mi sitaambia mutu."

"Ni karanga. Hizi hapa, nimekurudishia."

Aliniangalia kana kwamba mimi ni mtu mwenye roho mbaya anayeficha siri yake. Mjukuu alikuwa amelala kwenye mkeka ndani. Nikaketi mlangoni pake, nikamwambia siondoki mpaka amfunge mtoto yule mgongoni twende Lilongwe.