Mchunga Asumini

Asumini ilipata nafasi kwenye ndege, mimi sikupata. Nalisema bila kinyongo, ila naomba lieleweke lilivyo: mama yangu mzazi alikaa kitako akaamua nani aende naye Gaborone na nani abaki Dodoma, na aliyeshinda hakuwa hata na miguu.

Baba alikuwa ametangulia Botswana kikazi. Alipopata nyumba akatuma picha ya kibaraza kitupu, na nadhani picha hiyo ndiyo iliyoniponza, maana Mama akaanza kukijaza kichwani. Kwetu Majengo maua yalikaa kwenye vyombo vyote vya duniani isipokuwa vyungu vya maua: ndoo za rangi, madumu yaliyokatwa, masufuria yaliyotoboka. Alovera ilikaa kwenye poti yangu ya utotoni, na Mama aliwaonyesha hata wenzangu wa shule. "Hii alikuwa anakalia huyu." Nimeishi maisha magumu.

Mizigo ya ndege ikamlazimisha kuchagua mmea mmoja. Mimi nilikuwa naingia kidato cha nne, na mtihani wa taifa hauhami na mtu, kwa hiyo ikaamuliwa nikakae Msalato kwa Bibi, mama yake Baba.

"Kwa hiyo asumini inaenda, mimi nabaki na poti?"

"Wewe utakuja ukimaliza. Na wewe una bibi. Asumini ina nani?"

Hapo alinikamata. Mama ni mtu wa Kondoa, na ile asumini ilikuja ikiwa kijiti kutoka uani kwa mama yake, ambaye kila Ijumaa alipachika maua yake katikati ya nguo zilizokunjwa. Bibi huyo wa Kondoa alipofariki nyumba iliuzwa, na aliyenunua akang'oa kila chenye jani akajenga fremu za maduka. Shina lililobaki duniani lilikuwa hilo la kwenye ndoo yetu ya rangi. Likifa, hakuna pa kwenda kuomba jingine.

Bibi wa Msalato akaja kutuaga, kapakiwa kwenye bodaboda, kakaa upande kama malkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbukwa, mume wangu!" akanisalimu tena kwa Kigogo. "Umekonda, nani anakunyima?"

Akamkuta Mama barazani anapogoa asumini iwe fupi kwa safari.

"Unaondoka nayo yote?"

"Ndiyo, mama. Ipo moja tu."

Bibi akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mkwewe amelaza ng'ombe wake wote katika zizi moja. Kwa Wagogo huo ni wazimu. Mwenye akili huwagawa: hawa anawalaza kwa shemeji, wale kwa rafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukipita hapa, kule wabaki. Anayefugishwa anachunga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama pia. Siku ya kurudisha mifugo hupewa ndama mmoja, asante ya mchungaji. Na ng'ombe akifa lazima apeleke ngozi, mwenyewe aone kwamba kweli amekufa, hakuuzwa mnadani.

Bibi akainama, akaokota tawi moja lililokatwa, akanitia mkononi. "Shika. Leo umefugishwa."

"Maziwa yake nitakunywaje?"

"Utanusa."

Mama akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Ikifa uniletee ngozi."

"Nitakuletea hadi kwato, Mama."

Wakaguzi wa mimea walikuwa wameshamwambia: mizizi ioshwe, isibaki hata chembe ya udongo. Mama akaiosha kwenye beseni kwa mswaki wa zamani, taratibu, kama anamwogesha mtoto mchanga, mpaka ikawa myeupe kama kuku aliyenyonyolewa. Wakaikagua, wakampa karatasi yake. Kumbe hayo yote alikuwa ameyafanya kwa shingo upande. Asubuhi ya safari nikamwona anachota gao la udongo mwekundu kwenye ile ndoo, udongo uliotoka Kondoa pamoja na kijiti, akaifunika mizizi nao, akaifunga kwa kipande cha kanga.

"Mama, si walisema…"

"Mwanangu, mtu hasafiri uchi."

Nikamgeukia Bibi, nikitegemea msaada wa serikali. Bibi akasema, "Kweli kabisa."

Simu ilipigwa jioni. Uwanjani kule mkaguzi alifungua kanga, akauona udongo, akaita mwenzake. Asumini ikatiwa kwenye mfuko wa vitu vya kuchomwa.

"Walikuwa na adabu," Mama alisema. "Waliniomba radhi. Walikuwa na adabu sana." Akarudia hivyo mara kadhaa, kisha sauti ikakatika, na haikuwa mtandao.

Nilikuwa nimeandaa utani kuhusu kusafiri uchi, utani mzuri tu. Nikaumeza.

"Mama, ng'ombe wako yupo. Yupo hapa kwa Bibi, kwenye dumu."

Ndivyo nilivyoanza kuchunga kwa dhati. Msalato maji huja yakijisikia, kwa hiyo asumini ilikunywa niliyoyanawia uso na yale Bibi aliyooshea mchele. Kiangazi upepo ulipoanza kuzoa vumbi, nikawa naiingiza ndani na kuitoa, ndani na nje, kama mgonjwa wa kuota jua. Wanafunzi wenzangu wakanibatiza Bwana Shamba. Kila Ijumaa Mama alipiga simu.

"Anaendeleaje?"

"Mimi? Nina homa kidogo."

"Pole baba. Na yeye?"

Siku moja niliitoa nje nikakaa nayo kivulini, najisomea jiografia. Usingizi ukanichukua. Niliamshwa na sauti ya kutafuna. Mbuzi jike wa Bibi alikuwa amesimama juu ya dumu, jani la mwisho linaning'inia mdomoni kama sigara, ananitazama bila aibu yoyote. Kilichobaki kilikuwa kisiki cha urefu wa kidole.

Bibi akatoka jikoni, akaangalia dumu, akaniangalia mimi.

"Mchungaji alikuwa wapi?"

"Alikuwa anasoma habari za mmomonyoko wa udongo."

Hakucheka. Wala mimi. Nilichukua simu. Nikamwambia Mama kila kitu bila kukipamba.

"Ngozi iko wapi?" akauliza.

"Iko tumboni kwa mbuzi, Mama."

Nikasikia kwikwi, nikajua asumini imemliza mara ya pili mwaka huo huo. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na katikati ya kicheko kilio kikapita, kisha kicheko kikarudi. Kibaraza cha kule, nilikuja kuambiwa na Baba, kilikuwa hakijasikia sauti hiyo tangu alipofika.

"Usiking'oe," akasema. "Asumini hukatwa ikachipua. We kimwagilie tu. Umekula?"

"Bado."

"Kale kwanza."

Nikaendelea kumwagilia kisiki. Bibi akapita akisema, "Mume wangu, siku hizi unamwagilia mswaki?" Nikamjibu meno ni mali. Usiku nilikuwa nasoma, asubuhi nachungulia, hakuna kitu. Nikazoea kuchungulia bila kutegemea, kama unavyochungulia bomba. Halafu asubuhi moja, karibu na mtihani, pembeni ya kisiki palikuwa na kitu cha kijani kidogo kuliko ukucha. Nilipiga kelele, Bibi akatoka na fimbo akidhani ni nyoka.

Mvua zilipoanza, vichipukizi vilikuwa vimerefuka. Mtihani ulipokwisha nikachukua kimoja kilichotoa mizizi, nikakiosha kwa mswaki, nikapata karatasi ya wakaguzi. Mti mama nikauacha kwa Bibi, ndani ya uzio wa miiba ambao hata mimi nahitaji ruhusa kuuingia.

"Na ndama wangu?" nikamuuliza. "Mchungaji hupewa ndama."

"Utamdai mwenye mali," akasema. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanitemea mate kidogo ya baraka, halafu akainama kuelekea kwenye udongo.

"Bibi!"

"Nafunga kamba ya kiatu chako, mjinga wewe."

Gaborone mkaguzi alifungua kifurushi changu. Mizizi ilikuwa uchi kama siku ya kuzaliwa. Akasoma karatasi, akauliza kama mmea ni wangu. Nikamjibu kwa Kiingereza cha mtu anayesubiri matokeo: ni wa mama yangu, mimi nauchunga tu, kama ng'ombe wa watu. Akatabasamu. Ng'ombe wa baba yake, akasema, nao wamelazwa kwa watu kijijini. Akagonga muhuri.

Nje alikuwa Mama, amejifunga kanga juu ya koti, anachungulia kila anayetoka. Nikamnyooshea kifurushi kwa mikono miwili, nimeshaandaa hotuba ya kukabidhi mifugo. Alikipokea, akakiweka chini sakafuni bila hata kukitazama, akanikumbatia.

Alinikumbatia kwa muda mrefu. Watu walipita na mabegi yao.

"Mama," nikamwambia begani, "angalia usiikanyage."