Somo Aliyetoka Mikono Mitupu

Bi Asmahani hakujua kunong'ona. Pangani nzima ililijua hilo, na bado watu walimkabidhi siri za nyumba zao, kwa sababu alikuwa somo. Binti akikaribia kuolewa huwekwa ndani, na Asmahani ndiye aliyemsinga mwili kwa liwa yenye manukato, akamfukiza udi, akamfunda mambo ya unyumba, kisha akamsindikiza kwa mumewe na kukaa naye fungate nzima. Alipiga kelele juu ya bei ya nazi, juu ya paka wa jirani, juu ya wasichana wa siku hizi wasiojua kushika mbuzi ya kukunia. Lakini la mwari wake halikumtoka. Ukimchokonoa, atakutukana kwa mapenzi na kukutilia kahawa, nawe utaondoka na kahawa yako tumboni na hujui lolote.

Sharti lake moja halikuwa na mjadala: mwari hali wala hanywi ila kilichopita mkononi mwa somo. Kwa hiyo alipoingia chumbani na kumkuta Ghadir amegeukia ukutani, anameza kidonge alichokitoa chini ya mto, Asmahani aliweka bakuli la liwa chini.

"Cha nini hicho?"

"Cha kichwa, somo."

"Dawa ya kichwa haifichwi chini ya mto, mwanangu. Hebu sema."

Ghadir akaangua kilio. Alikuwa muuguzi mkunga katika kituo cha afya nje ya mji. Siku yake ya mwisho kazini kabla ya likizo ya harusi, alikuwa akimshona mama aliyetoka kujifungua. Mama akashtuka kwa maumivu, sindano ikapenya glavu ikamchoma Ghadir kidoleni. Alinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, akamwarifu mkuu wake saa ileile, akapimwa, akakutwa hana virusi vya ukimwi. Yule mama alikuwa anaishi navyo. Kabla jua halijatua Ghadir alikuwa ameshaanza dawa za kujikinga.

"Mama gani huyo?" Asmahani aliuliza, maana umbea nao ni ibilisi wake.

"Siwezi kukwambia, somo. Ni mgonjwa wangu."

Asmahani akamtazama. Alikwisha kuwafunda mabinti wengi, wengine wazuri wa sura, wengine watundu, lakini huyu alimwingia moyoni hapohapo.

"Na hivyo vidonge vinasaidia, au wanawapa tu mtulie?"

"Vinasaidia sana ukivianza mapema, siku hiyohiyo ndiyo bora, zikipita siku tatu umechelewa. Nimeze kila siku mwezi mzima, nisiruke. Ila kipimo cha mwisho ni baada ya miezi mitatu. Mpaka hapo, mimi na Luay tutumie kondomu, au tungoje."

Harusi ilikuwa Ijumaa. Wageni wa Maskati walikwisha kufika na masanduku yao.

"Luay anajua?"

"Hajui."

"Basi atajua leo. Mtu hauziwi mbuzi kwenye gunia."

Luay aliitwa kutoka Usagara, Tanga mjini, alikokuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Bwana harusi hamwoni mwari aliyewekwa ndani, hivyo alisimama nje ya mlango, Ghadir akiwa ndani, na Asmahani ameketi kizingitini katikati yao, kinywa kimefumbwa. Ghadir alieleza yote.

"Vinakutapisha?" Luay aliuliza.

"Kidogo."

"Basi usimeze tumbo tupu. Tutangoja, Ghadir. Mimi sina pa kukimbilia."

Asmahani alijifuta macho kwa pembe ya kanga akasingizia moshi wa udi. Tangu jioni ile kidonge kilipita mkononi mwake, baada ya isha, kwa uji wa mchele na bismillahi, na ole wake mwari aliyesema hana njaa.

Likabaki jambo moja, na hilo ndilo lililomnyima Asmahani usingizi. Wazee wa upande wa mume walikuwa bado wanadai kisarawanda, kile kitambaa cheupe kinachotandikwa usiku wa kwanza, ili asubuhi somo akitoe na damu yake, kuwaonyesha kwamba binti alikuwa mwanamwali. Mama yake Luay, Bi Shariffa, alikuwa wa kwanza kwa kudai. Luay alitaka amwambie mama yake ukweli, Ghadir akamsihi asubiri majibu. Alijua kwa kazi yake: neno lile likishaingia katika nyumba, hata kipimo kikija kusafisha, kuna watakaoficha vikombe vyao.

"Wako masomo wanaochinja njiwa wakakipaka damu," Ghadir alisema kwa sauti ndogo.

"Wako. Mimi si mmoja wao."

Asubuhi ya kwanza ya fungate, nyumbani kwa Luay pale Usagara, Asmahani alifungua mlango wa chumba cha maharusi. Sebuleni Bi Shariffa na mashangazi walikuwa wamekaa tayari, wamevaa, wamejitia manukato, koo zimeshatengenezwa kwa vigelegele. Asmahani akatoka mikono mitupu.

"Kiko wapi?" Bi Shariffa aliuliza.

"Mwari wangu ni mzima na heshima yake naidhamini mimi. Kisarawanda mtakiona nikipenda."

"Asmahani, mimi ndiye mama mtu."

"Najua, bibi. Na mimi ndiye somo."

Shangazi mmoja akacheka puani. Tunza, ile zawadi ya somo, haikutolewa. Habari ilifika Pangani kabla ya Asmahani mwenyewe: kwamba amezeeka, kwamba amekula njama na binti asiyekuwa mwanamwali. Harusi zikaja na kupita bila mtu kumbishia hodi. Liwa ilikauka bakulini. Iliumiza, na hakujisingizia kwamba haikuumiza, lakini kwa sauti yake ileile aliendelea kugombana juu ya nazi na paka, na la Ghadir hakulitaja hata kwa paka.

Kisha kipimo cha mwisho kikatoka, Ghadir yuko salama. Siku hiyohiyo alimshika mumewe mkono wakaenda kwa Bi Shariffa, akamweleza kila kitu, ila jina la yule mama.

Bi Shariffa alifika Pangani kesho yake, peke yake, bila mashangazi. Alikaa mkekani akanywa kahawa, macho chini.

"Ungeniambia, Asmahani. Ningekusitiri. Umeacha tukuvunjie jina mji mzima."

"Mwari wangu alikuwa Ghadir, bibi. Hukuwa wewe."

Nje muuza samaki alipita akinadi, na kwa mara ya kwanza Asmahani hakumfokea juu ya bei. Mgeni akaweka kikombe chini.

"Binti yangu Buthaina ameposwa," alisema. "Nataka umfunde wewe. Na akikwambia la kwake, mimi mama yake usiniambie."