Siku Niliyomketisha Jumbe Mbele

Jamani, hili silisemi kwa kujisifu, maana hakuna cha kusifu, na mpaka leo nikipita njia ya Rungwe nikaona migomba tu, masikio yananiwaka moto. Lakini mmeniuliza kwa nini mimi, daktari mzima mwenye mvi, nikiitwa kiongozi nageuza maneno. Basi sikilizeni, ila mmeze chai kwanza, msije mkapaliwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado, mimi daktari msaidizi kijana, mzaliwa wa Iringa mjini (wazee wangu walitoka pwani na biashara yao ya nguo, kwa hiyo mimi ni mtu wa mjini, kijijini nilikuwa naenda kwa kazi tu na kurudi). Tukaitwa Mbeya kwenye kozi, madaktari vijana na wengine waliokwisha kukomaa kidogo kazini, tufundishwe kuongoza utafiti. Siyo kupima damu, hilo tulilijua, bali kuongoza watu: kusema na wazee, kupanga kikosi, kuamua bila kutetereka. Mkufunzi alikuwa Daktari Mkuu, Mzungu mrefu mwenye sauti ndogo, na sauti ile ndogo ndiyo iliyotutisha, maana ilibidi wote mnyamaze ili msikie amemkosoa nani. Mwisho wa kozi mmoja wetu angekabidhiwa uchunguzi wa upungufu wa damu kwa wajawazito wa milimani, na mimi niliutaka ule uchunguzi kuliko kitu chochote. Dada yangu alifariki akijifungua, kope zake kwa ndani nyeupe kabisa kwa kukosa damu, wakati huo mimi niko masomoni nakariri majina ya mifupa. Kwa hiyo kozi nzima usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu.

Siku za mwisho kila mmoja alipewa zamu ya kuongoza kikosi kijijini huku Daktari Mkuu amesimama pembeni na penseli yake. Zamu yangu ikaangukia kijiji cha Wanyakyusa huko Rungwe. Tulipofika, wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga mbele ya kanisa dogo la udongo, wengi wao wajawazito, nikashukuru Mungu moyoni. Ila jumbe wao, mkuu wa kijiji, mzee mmoja mpole mwenye kofia ya kitambaa, alikuwa ameketi mbali kabisa, tena ametupa mgongo.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilijiambia, mzee akikaa hivi watu watasema haniungi mkono, na Mkuu ataandika kwamba Salumu ameshindwa na mtu wa kwanza kabisa. Kwenye kozi tulifundishwa kwamba mwenye mji akiwa ubavuni mwako, watu watakufuata. Basi nikabeba kiti mwenyewe, nikakiweka karibu na meza ya sindano, kikiangalia msitari wa wanawake, nikamfuata jumbe kumkaribisha. Akasema pale alipo panatosha. Nikamsihi. Akasema tena panatosha, mwanangu, endelea na kazi. Mwenzangu Ambakisye, naye daktari, Mnyakyusa wa milima ile ile (na ndiye niliyemhofia kuliko wote, kwa sababu naye aliutaka uchunguzi), akanisogelea akaanza kusema, "Salumu, yule mzee muache..." Nikamkata kauli kwamba leo kiongozi ni mimi. Jumbe akamtazama Mzungu mwenye penseli, akainuka pole pole, akaja akaketi, macho chini.

Mwanamke wa kwanza akafika mezani, akainua uso, akajitupia nguo kichwani, akageuka, akaishia kwenye migomba. Wa pili vile vile. Wa tatu hakufika hata mezani. Msitari ukayeyuka mbele yangu kama mafuta kikaangoni, na penseli ya Mkuu naisikia inakwaruza. Nikajua tu ni sindano (nyakati zile watu walikuwa wakiambiana kuwa sisi tunaotoa damu ni wanyonya damu), nikahubiri kwamba haiumi, ni kama kuumwa na siafu, lakini nilikuwa nahubiria uwanja mtupu.

Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikamshika jumbe mkono nikamwambia twende ukawaite mwenyewe, wewe watakusikia. Akawa mzito kwenda. Nikadhani ni miguu ya uzee, nikampitishia mkono kiunoni, nikamkokota kwa heshima zote mpaka ndani ya migomba. Eh, kukazuka vurugu huko, wanawake wanakimbia wamejifunika hawaoni mbele, mmoja kajigonga kwenye mgomba, wengine wamevuka kijito na nguo zao, na mimi nawafuata na mzee wao, nawaambia msiogope, msiogope. Msichana mmoja, mimba yake kubwa, hakuwa na pa kupita. Akaketi kwenye matope, akajifunika gubigubi, anatetemeka. Jumbe alikuwa ameziba macho kwa kofia yake.

"Daktari, niachie mkono," akasema. "Huyu ni mke wa mwanangu. Wote hawa ni wake wa wanangu na wa wadogo zangu. Kwa mila yetu hawatakiwi kuniona, wala mimi kuwaona. Ndiyo maana nilikaa kule."

Nikamwachia. Mzee wa watu aliketi mbali na kutupa mgongo ili wanawake wapate kupimwa kwa amani, na mimi nimemkokota akaaibike mbele ya wakweze.

Ambakisye ndiye aliyemrudisha nyumbani, akamwomba radhi kwa lugha yao, akakaa na bibi vizee mpaka msitari ukarudi mmoja mmoja. Sindano nikamkabidhi, akaishika yeye. Yule msichana wa matopeni alikataa katakata nisimguse. Ambakisye alipomvuta kope, niliona kwa mbali tu: nyeupe, vile vile kama za dada yangu. Akapelekwa hospitali kwa gari letu jioni ile ile, na mtoto akazaliwa salama, mama yake akapona.

Siku ya kufunga kozi Daktari Mkuu akatusimamisha mmoja mmoja, kila mtu aseme nani apewe uchunguzi na kwa nini. Ilivyo kawaida kila mtu alijitaja mwenyewe. Mimi nilikuwa na hotuba yangu tangu siku ya kwanza, imekaa kichwani neno kwa neno, na dada yangu yumo ndani yake. Nikasimama.

"Mpe Ambakisye," nikasema. "Mimi wananikimbia."

Watu wakacheka. Mkuu hakucheka, wala hakunisifu, akaniambia keti. Nikaketi, na machozi, nisiwafiche, yalinitoka mbele ya wenzangu wote. Ambakisye akapewa, nami nikaenda chini yake, nikafanya kazi aliyonipa. Toka hapo niliapa, na sijavunja: sitamshika tena mtu mkono nikamwongoza nyumbani kwake mwenyewe.