Majani ya Bulugamu Hayashukuriwi

Nilipokuwa mtoto, kabla sijamaliza shule ya msingi, nilitumwa kwa jirani kwenda kuidai asante yetu. Haikuwa sukari wala chumvi. Ilikuwa asante, neno tu, ambalo mama yangu alikuwa amelitoa pasipofaa, na nyanya yangu aliamini kwamba lisiporudi nyumbani mama atakufa.

Nimekuwa mwalimu wa kemia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Ninaandika haya nikiwa nimechoka, na sitajaribu kuyafanya yawe ya busara kuliko yalivyokuwa.

Tulikaa juu kidogo ya Kapsoit, mahali ambapo chai huanzia karibu na mlango wa jikoni na kuteremka mpaka mtoni. Kwetu mvua huja alasiri, karibu kila siku, na majani ya chai hayamngoji mtu akauke. Mama alichuma akinyeshewa msimu mzima. Kikohozi kikashuka kifuani, kikakaa. Alipolala kitandani mchana, jambo ambalo sikuwa nimeliona kamwe, nilijua mambo si mazuri.

Dawa ya kwanza ilikuwa ile ya kila nyumba: majani ya mkaratusi, ambao sisi sote tuliuita bulugamu. Unayachemsha kwenye sufuria, mgonjwa anainama juu yake, mnamfunika blanketi, naye anavuta ule mvuke mpaka jasho limtoke. Miti yenyewe ilijaa kila mahali. Lakini Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikipsigis, alikuwa na sheria yake kuhusu majani hayo. Mgonjwa hajichumii, wala watu wa nyumba yake hawamchumii. Lazima yaletwe na mtu wa nje. Anayeleta huyaangusha mlangoni na kusema, "Nimeangusha matawi." Mwenye nyumba hujibu, "Weka hapo." Basi. Hakuna asante.

Nilimwuliza kwa nini. Alikuwa akisugua kibuyu cha maziwa kwa kijiti chenye makaa, na hakuinua kichwa.

"Dawa ni kibarua," alisema. "Amekuja kulima. Ukimwambia asante saa nne asubuhi, si anaweka jembe begani anakwenda kwao? Na shamba umebaki nalo."

Mama Njeri hakuijua sheria hiyo. Yeye na mumewe walikuwa wametoka upande wa Nyeri wakafungua duka pale Kapsoit, na alikuwa rafiki wa mama tangu siku mama alipomfundisha kuchagua kuni zisizotoa moshi. Aliposikia mama ni mgonjwa alikuja na matawi ya bulugamu mikono miwili. Lakini hakuyachuma kama dawa. Aliyachagua. Yalikuwa matawi yenye maua, yale maua meupe yanayofanana na nyuzi zilizofumuliwa, nyuki wawili watatu bado wameng'ang'ania, na aliyapanga katika mkebe wa mafuta ya kupikia uliooshwa ukang'aa. Akayaweka kando ya kitanda. Chumba kizima kikanukia.

Mama aliyatazama. Hakuna mtu aliyewahi kumletea maua. Akajiinua kwa kiwiko.

"Asante sana, Mama Njeri. Asante. Mungu akubariki."

Nje nilisikia kibuyu kikigonga chini.

Kogo alingoja mgeni aondoke. Kisha aliyachukua majani yale yale, akayachemsha, akamfunika mama, kwa kuwa hayakuwako mengine. Jioni homa ilipanda. Asubuhi mama alikuwa akizungumza na watu ambao hawakuwamo chumbani, akimwita dada yake aliyekwisha kufa, akimwambia afunge ndama.

"Amemruhusu kibarua," Kogo alisema. Alinishika bega kwa nguvu. "Wewe nenda dukani. Mwambie yule mama aturudishie asante yetu. Usicheze njiani."

Dukani alikuwako mzee mmoja akinunua betri za redio. Nilingoja amalize lakini hakumaliza, basi nikasema mbele yake.

"Kogo amesema utupe asante yetu."

"Asante gani?" Mama Njeri aliuliza.

"Ile Mama alikupa jana. Ya maua."

Mzee aliweka betri chini. "Mama Njeri, mrudishie mtoto mali yake. Na uipime kwa mizani tukiona, wewe tunakujua unapunja."

"Wewe nyamaza! Asante wewe utaijulia wapi, umenunua hapa miaka yote sijawahi kuisikia kinywani mwako."

Walicheka wote wawili. Mimi nililia. Nililia kwa hasira ya mtu aliyebeba jambo zito mbele ya watu wanaoliona jepesi, hasira ambayo nimekutana nayo tena mwaka huu katika vyumba vya kungojea daktari.

Mama Njeri alizunguka kaunta. "Kwani mama yuko namna gani?"

"Anaongea na watu hawako."

"Ngai," alisema polepole, akimtaja Mungu kwa Kikuyu. Akanitazama, kisha akajifuta mikono kwenye aproni, kwanza kiganja, halafu upande wa pili, kama mtu anayetaka kugusa chakula. "Leta mkono."

Nikampa. Aliukunja mkono wangu wa kulia kidole kwa kidole juu ya kiganja kitupu, akaufinya.

"Hiyo. Ni yote, sijabakisha hata kidogo. Usifungue mpaka ufike kwa nyanya yako. Umesikia? Kimbia."

Mzee wa betri hakucheka tena.

Nilikimbia. Penye kona ya kanisa nilikutana na mzee wa kanisa letu, mtu ambaye mtoto hakumpita bila kumpa mkono. Aliunyosha wake. Mimi nikauficha wangu nyuma.

"Hunisalimii? Umeiba nini?"

"Ni asante ya Mama. Ikianguka atakufa."

Mahubiri yake yote yalikuwa dhidi ya mambo ya namna hiyo, na nilingoja anifungue ngumi kwa lazima. Badala yake aliurudisha mkono mfukoni.

"Basi pita," alisema. "Pita, usijikwae."

Kogo alikuwa mlangoni. Aliniongoza mpaka kitandani, akaiweka ngumi yangu juu ya kifua cha mama, akaifungua kidole kwa kidole kama ilivyofungwa. Nakumbuka joto la ngozi ile. Nakumbuka pia kwamba nilitazama kuona kama kuna kitu.

Hatukukaa sana. Gari lilinguruma nje: pikapu ya mume wa Mama Njeri. Mama Njeri alishuka na matawi mapya, yote ya majani matupu. Maua alikuwa ameyang'oa njiani, nyuzi nyeupe zilikuwa zimemjaa kwenye sweta. Aliyaangusha mlangoni. Hakuna aliyemfundisha, nadhani alikisia kutokana na uso wa Kogo jana yake.

"Nimeleta matawi," alisema.

"Weka hapo," Kogo akajibu.

"Na sasa tumpeleke hospitali."

Kogo alifikiri. "Mpelekeni. Lakini wakimdunga sindano, asiwashukuru."

Mama alidungwa sindano, akarudi, akaishi mpaka akazizika hofu zangu nyingi za utoto. Ni sindano, bila shaka. Nimewaeleza wanafunzi namna mvuke unavyoyabeba mafuta ya majani, na namna ambavyo mafuta hayo yanaweza kukufungulia pua lakini hayawezi kuua vijidudu vilivyoshuka kwenye mapafu. Niliyajua hayo na bado ninayajua. Lakini sikumsikia mama akimwambia Mama Njeri asante tena. Alimpelekea mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, mahindi mabichi, kuku, na Mama Njeri alipojifungua alikaa naye akimchemshia uji. Neno lenyewe halikutamkwa. Kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake.

Mke wangu, Rael, alikipenda kisa hiki. Alinifanya nikisimulie kwa wageni, na mimi nilipofika kwa mzee wa betri yeye alinitangulia kuyasema maneno. Kifua chake kilipoanza kuharibika, kicheko cha kisa hicho kilikuwa cha kwanza kumchosha. Tulikwenda hospitali moja, tukaenda nyingine, hatimaye tukaambiwa kwa upole turudi nyumbani Bomet, nilikokuwa nikifundisha.

Nyuma ya ua wetu kuna safu ya mikaratusi niliyoipanda kwa ajili ya nguzo. Nilianza kumkatia majani. Si kwa sababu niliamini. Mtu anayeuguza anahitaji kitu cha kufanya kwa mikono kati ya dawa na dawa, na mvuke ulimpa nafuu ya pumzi, angalau ya kumwezesha kusinzia. Sheria ya mtu wa nje niliivunja. Watoto wetu wako mbali, na majirani nao wana ng'ombe wao wa kukama. Ile nyingine, ya kutoshukuru, tuliishika, kwanza kwa mzaha. Nilisimama mlangoni nikasema, "Nimeangusha matawi," naye kutoka kitandani akasema, "Weka hapo, kibarua."

Ikawa hivyo kila siku. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimlisha, nilichemsha. Uchovu wa kazi hiyo haufanani na mwingine, maana hutaki uishe. Alipotaka kunishukuru kwa jambo lolote, hata kwa kijiko cha maji, nilimkatiza. "Usinifukuze kazi," nilimwambia. Alitabasamu akanyamaza. Nilidhani tunataniana. Leo naona kwamba nilikuwa nimekunja ngumi.

Alasiri moja mvua ilikuwa imeangusha tawi la juu, na nilipokwenda kukata nililikuta limelala kwenye nyasi, limejaa maua. Lilikuwa karibu, nami sikuwa na nguvu za kupanda. Nikalichukua kama lilivyo.

"Nimeangusha matawi," nilisema.

Alikuwa akilitazama tawi.

"Umeniletea maua," alisema.

"Ni majani, Rael. Ni ya sufuria."

"Ni maua. Usiyachemshe leo. Niwekee hapa niyaone."

Nililitia katika jagi, nikaliweka kando ya kichwa chake. Nyuzi nyeupe zilikuwa zikidondoka juu ya mto, na sikuzifagia. Aliutafuta mkono wangu, akaushika.

"Asante," alisema. "Kwa yote. Umefanya kazi vizuri. Pumzika sasa."

Nilifungua kinywa nimkatize, kama desturi. Nikaona uso wake, nikanyamaza. Hakuwa amesahau sheria. Hakuna aliyeijua kama yeye.

Rael alifariki wiki iyo hiyo. Mazishini watu walileta mashada, na ndani ya mashada, katikati ya mawaridi, kulikuwa na majani ya mkaratusi, kwa kuwa siku hizi hata wauza maua wanayatumia. Nilimshukuru kila aliyeleta. Lilikuwa jambo jepesi; hapakuwa tena na kazi ya kuharibika.

Mara nyingine alasiri, mvua ikikaribia, ninakaa upande wa jikoni na kutazama njia inayokuja kwetu. Kogo, angekuwa hai, asingeiacha asante ile ipotee, angemtuma mtoto. Lakini hakuna mtoto aliyekuja mlangoni kuidai asante ya Rael, na sasa sidhani atakuja. Rael mwenyewe alinipa niwe nayo. Ninajifunza, polepole, kupumzika.