Penseli ya Kukatia Nusu

Fomu ile ninayo mpaka leo. Imo kabatini mwangu, chini ya leso za kuendea harusini, na kila nikivuta leso naiona pembe yake. Ukiitazama hivi hivi haina neno: ni karatasi ya kuagizia dawa, imejazwa kwa wino wa buluu na mtu mwenye mwandiko safi. Lakini ukiiinamisha dirishani, jua likaipiga ubavuni, karibu na ile kumi ya wino utaona tano. Haina rangi. Ni alama iliyochimbika tu, pale penseli yangu ilipogandamiza kabla sijaifuta kwa raba.

Nilikuwa mtunza ghala la dawa hapa Ukunda, la shirika dogo la hisani lenye zahanati saba. Watu hudhani kazi ya ghala ni kukaa na funguo na kuwanyima watu. Kazi yenyewe ni kujua mambo matatu: kinahitajika nini, kiasi gani, na kitachukua siku ngapi kufika. Dawa zetu zilitoka mbali, zikashuka bandarini, zikavuka feri juu ya lori, zikalala kwetu, kisha tukazigawa. Nyingine zilikwenda Shimoni, nyingine zikapanda bara kwenye ukame, njia ya kuelekea Mackinnon Road. Inayokaribia kuharibika hutoka kwanza. Ya friji haikai nje hata kwa muda wa kusalimiana, nasi watu wa pwani salamu zetu mnazijua. Na kila pahali dawa inapopumzika njiani, pana mtu mwenye kalamu anayeamua iendelee kiasi gani.

Hesabu hiyo nilianza kuiona kwa mama yangu, Msambweni, kabla sijajua kwamba inasomewa vyuoni. Mama alikaanga mahamri ya kuuza. Kila alasiri alitutuma nyumba kwa nyumba: "Shikamoo. Mama anauliza, kesho mangapi?" Nyumba yenye wageni ilisema kumi na mbili. Nyumba ambayo baba mtu amesafiri ilisema manne. Mama alikanda unga wa idadi hiyo hiyo, na asubuhi hakuna hamri lililobaki wala mtu aliyerudi kwao na sahani tupu. Nilikua nikidhani dunia nzima huhesabu hivyo.

Ghalani nikakuta mengine. Mzee niliyempokea kazi alikaa nami mwezi mmoja akinionyesha. Siku ya kwanza ya kugawa alinikuta napakia mia moja kama fomu ilivyosema, akanishika mkono.

"Mwanangu, wakiandika mia, wewe toa hamsini."

"Kwa nini, baba, na mia zipo?"

"Kwa sababu wanazohitaji ni hamsini. Wao huandika mia wakijua utakata. Nawe unakata ukijua wameongeza."

"Nani alianza?"

Alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Mimi nilikuta hivyo hivyo."

Akanikabidhi funguo, daftari na penseli. Zahanati huandika kwa wino. Ghala hujibu kwa penseli pembeni, nusu. Hakuna aliyeona huo ni uongo. Ilikuwa adabu tu, kama mgeni anavyosema ameshiba na mwenyeji akamwongeza wali, na wote wawili wanajua. Wauguzi wetu sita walikuwa wakongwe na mchezo waliuweza vizuri kuliko mimi.

Nami niliuweza. Rafu zangu hazikuwahi kuwa tupu. Wakaguzi walikuja, wakafungua friji, wakaona imejaa, wakanisifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa. Sikuwahi kujiuliza rafu za wenzangu zikoje. Ghala langu lilikuwa limejaa kwa sababu ya zao zilizopungua, na jambo jepesi kama hilo, ambalo mama yangu angelijua kwa kutazama sahani, lilinipita miaka yote.

Kisha akaja muuguzi mpya, dada Mduruma aliyekuwa ametoka chuoni, akapelekwa peke yake katika zahanati yetu ya bara kabisa. Fomu yake ya kwanza ilinichekesha. Wenzake waliandika mia, mia mbili, hamsini. Yeye aliandika glavu jozi thelathini na saba. Dawa ya minyoo, arubaini na moja. Nambari kama hizo hazitungwi. Mtu huzipata kwa kuhesabu vichwa. Ningekuwa na akili ya mama yangu ningetambua. Badala yake nilijiambia, huyu naye mjanja kuliko wote, nikakata kila kitu nusu.

Katika vitu alivyoagiza kulikuwa na vichupa vya sindano ile wanayochomwa akina mama wakishajifungua ili damu isiwatoke ovyo. Ni dawa ya friji. Aliandika kumi. Nikaandika tano.

Siku mzigo ulipomfikia alinipigia simu.

"Dada, hujambo? Samahani, nadhani kuna vitu vimebaki huko. Niliandika kumi."

"Havikubaki. Tumia hivyo, mwezi ujao tutaona."

"Lakini nina wajawazito sita wa mwezi huu, nimewaandika daftarini. Kila mmoja kimoja, na vinne vya kuweka, maana huku hospitali ni mbali."

"Dadangu," nikamwambia, na sauti niliyoitumia naisikia hata sasa, ile sauti ya mtu aliyeajiriwa zamani, "kila mtu hunambia amehesabu."

Kisha akasema ahsante. Hakujua kubishana, na mimi nikaona nimemshinda.

Masika yalikuwa yameanza. Njia ya kwenda kwake hushuka na kukatiza mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Mbuzi hulala humo. Ilipofika wiki ya tatu, alikuwa amezalisha akina mama wanne na kubakiwa na kichupa kimoja. Siku hiyo, adhuhuri imepita, simu ikalia. Safari hii hakusalimia.

"Dada, nimezalisha, mama anatokwa na damu. Kile kimoja nimekwisha kumchoma. Haikati. Gari la kumpeleka hospitali limekwama ng'ambo. Nitumie hata kimoja, dada. Hata kimoja."

Nilifungua friji. Vilikuwa pale mbele, vitano vyake. Nilivipanga vyote katika kasha la baridi pamoja na pakiti za barafu, nikamkabidhi mwendesha boda tuliyemwamini, nikamwambia apae. Alikwenda vizuri, mtu yule sina neno naye. Alasiri akanipigia.

"Dada, nimefika mtoni. Maji yamejaa, yanabeba miti. Mabati ya zahanati nayaona kule ng'ambo."

"Tafuta pa kuvukia."

"Hapana, dada. Hapana pa kuvukia."

Alikaa pale na kasha mapajani, na ng'ambo kulikuwa na mwanamke ambaye alihitaji kilichomo ndani yake. Kama ningekuwa nimetoa kumi, vichupa hivyo vingekuwa ndani ya friji ya zahanati tangu mwanzo wa mwezi, upande wake wa mto. Nililifahamu hilo pale pale, nimesimama na simu sikioni. Si kweli kwamba nililifahamu baadaye.

Asubuhi ya pili mwendesha boda alirudi, matope mpaka kiunoni. Aliweka kasha juu ya meza yangu, na barafu iliyoyeyuka ikacheza ndani, chubwi, kisha ikatulia.

"Nilisikia vilio kutoka ng'ambo," akasema. "Nikajua hakuna haja tena."

Mtoto alipona. Mama yake aliyekufa alinizidi mwaka mmoja.

Shirika likataka maelezo, na nakala ya fomu. Kabla ya kuitoa nilichukua raba nikafuta zile nusu zangu za penseli, moja baada ya nyingine, kuanzia glavu mpaka chini. Nikapuliza makombo ya raba kutoka mezani. Ripoti ikaandikwa kwamba dawa ilikuwepo ghalani, ilitumwa bila kuchelewa, mto ukazuia. Kila neno lilikuwa kweli. Mkubwa wangu wa kazi alinipa pole kwa usumbufu.

Tangu hapo nikawa sina raha. Kila nikiinua kasha, hata likiwa tupu, nasikia maji yakicheza. Nikivuta tasbihi, nikifika tano kidole kinasimama, naanza upya. Na yule mwanamke, ambaye sikuwahi kumwona, nikawa namwona: sokoni Ukunda akichagua nyanya, penye foleni ya M-Pesa, kituoni mchana kweupe, daima mbele yangu, daima kanipa mgongo, leso kaifunga kifuani. Nikimpita nigeuke, ni mtu mwingine. Niliogopa. Siyo kwamba angenidhuru. Niliogopa kwamba siku moja atageuka aniulize kiasi gani.

Nilikwenda kwa mama nikamweleza. Alikuwa amekwisha kuzeeka, hakaangi tena. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo muuguzi, ulimuuliza anataka vingapi?"

"Aliandika mwenyewe, mama."

"Akaandika vingapi?"

"Kumi."

"Basi ukampa vitano kwa nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya kuongeza na kukata, ya mzee na miwani yake, na kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kunishinda. Mama alinitazama kama anayengoja sehemu ya maana ifike. Haikufika. Alisema tu kwamba nimekonda, nile.

Mwisho wa mwezi muuguzi yule alikuja ghalani mwenyewe. Wenzake hutuma fomu. Yeye alishuka kutoka bara na kasha lake mkononi. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Aliniamkia, akakaa, akaniwekea fomu mezani. Glavu jozi mia moja. Dawa ya minyoo mia moja. Sindano ya damu, ishirini.

Nilizitazama zile nambari zilizoishia sifuri, kama za wenzake.

"Una wajawazito kumi na sita?" nikamuuliza.

"Sita." Aliinamisha macho. "Wenzangu wamenifundisha. Walinicheka, dada. Wakasema, wee, uliandika kumi kwa sababu ulitaka kumi? Mimi sikujua. Usinipe ishirini, vitaniharibikia. Nahitaji kumi. Ila niliogopa kuandika kumi." Kisha akasema lile neno ambalo silali vizuri kwa sababu yake. "Yule mama kafa kwa sababu sikujua kusema uongo. Nimekuja kukuomba radhi, maana kwenye simu nilikulaumu moyoni."

Ningeweza kunyamaza. Ripoti ilikuwa imefungwa, na huyu hapa alikuwa amejibebesha mzigo mwenyewe, hata sikumtwisha. Nakiri kwamba kwa pumzi mbili tatu nilifikiria kumwachia.

Nikaenda kwenye kabati la faili pale ghalani, nikaitoa ile fomu ya kwanza. Nilimvuta mpaka dirishani, nikaiinamisha karatasi mpaka jua lilipoipiga ubavuni. Alitazama kwa muda. Kisha akapitisha kidole pale penye alama, taratibu, kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Tano," akasema.

"Mimi. Nilikata mimi, halafu nikafuta. Vitano vyako vilikuwa ndani ya friji hii wiki tatu nzima."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ningepumua. Alivuta kiti akakaa, akalia kidogo bila sauti, akajifuta kwa kitambaa cha kichwani. Kisha akauliza, "Penseli yenyewe iko wapi?"

Nikampa. Aliitia mkobani mwake. Akaifuta ile ishirini kwa mstari mmoja wa wino, akaandika kumi, nami nikamfungashia kumi. Hakufunga kasha mpaka alipovihesabu vichupa kimoja kimoja juu ya meza, kwa sauti, nimesimama mbele yake. Alipofika tano akanitazama, akaendelea.

Shirika nililiambia ukweli wiki ile ile. Walinikaripia, wakaniacha kazini, kwa kuwa rafu zangu zilikuwa nzuri. Wauguzi wale sita niliwapigia simu mmoja mmoja nikawaambia waandike wanachotaka, nitatoa kilichoandikwa. Watatu waliniamini baada ya miezi. Wengine bado huandika mara mbili, na siwalaumu.

Fomu za yule muuguzi wa bara huja zimejazwa kwa penseli ile ile niliyompa. Ofisi imelalamika mara ngapi kwamba fomu ni ya wino, nawaambia waiache. Glavu ishirini na tisa. Minyoo hamsini na tatu. Sindano tisa, sindano kumi na moja. Natoa kama alivyoandika. Lakini kabla sijafungua friji huibeba kwanza fomu mpaka dirishani, nikaiinamisha, nikatafuta kama chini ya nambari yake pana nyingine aliyoiogopa akaifuta.