Siku Niliyomkana Mama Ghalani Kyela

Jamani, nikikumbuka siku ile bado natamani ardhi ipasuke, lakini leo nawasimulia, chekeni tu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nipo shule ya misheni, na ghala la mpunga pale Kyela lilikuwa linachukua wanafunzi wakati wa likizo kuandika majina ya wakulima kwenye magunia. Sharti lilikuwa barua ya mwalimu mkuu, yenye jina lako, umri, na kwamba kweli uko likizo, hujatoroka shule. Mimi yangu sikuiomba (nilikuwa nimechelewa kengele mara mbili wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, nikaogopa hata kupita mlangoni kwake). Mwenzangu Sekela wa Njisi alikuwa nayo, ila mama yake akaugua, hakwenda kazini, basi nikamwambia nipe mimi, nani atajua?

Karani, Bwana Ambokile, alikuwa mtu mpole mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Akaisoma barua taratibu, akanisogezea daftari. "Haya Sekela, andika jina lako." Mkono ukaandika "Atu" kabla sijajikumbuka, nikafuta kwa kidole, wino ukatapakaa mpaka kwenye sketi!

Nikiwa bado nafuta, wakapita kina mama wa Ikombe na vyungu kichwani wakielekea sokoni, na wa mbele ni mama yangu mzazi. "Atupele! Mwanangu, ugonile?" akanisalimu.

Foleni nzima ikageuka. Nami (Mungu anisamehe) nikasema, "Simjui mama huyu."

Mama akatua chungu chake. Akanitazama, akaitazama barua mezani, akamtazama karani, na mama ambaye hakuwahi kusoma hata herufi moja akaelewa yote. "Samehe, bwana," akasema kwa sauti ndogo. "Macho yangu mabovu. Nimemfananisha."

Akainama achukue chungu chake aondoke, na hapo nikashindwa, nikalia kama mtoto mchanga mbele ya watu wote: "Ni mama yangu! Naitwa Atupele, barua si yangu!"

Wenzangu wakaangua kicheko. Bwana Ambokile hakucheka. "Anayecheka arudi mwisho wa foleni," akasema. Kisha akasimama, akampa mama kiti chake mwenyewe. "Mama, binti huyu ni wako?"

"Ni wangu, bwana."

"Basi jina lake nimelijua. Umri na likizo atanieleza mwalimu wake. Nafasi hii naishikilia mpaka Ijumaa."

"Ndaga, bwana," mama akashukuru.

Chungu akawaachia wenzake wamuuzie, tukatembea wawili mpaka shuleni, na njia nzima hakunigusia lile neno, wala hakuligusia tena maisha yake yote. Mwalimu mkuu akaniandikia barua yangu mwenyewe, na kazi niliipata Alhamisi.

Tangu hapo, popote ninapoulizwa mimi ni nani, natanguliza jina la mama, hata kama karatasi haina nafasi yake.