Gongo la Jirani wa Chini

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, hapa Edmonton, London, ni mzee wa Kimarekani aliyekuwa akikusanya vifaa vya kale vya besiboli. Macho yalipoanza kumsaliti aliuza vyote, akabakiza gongo moja la kupigia mpira. Mimi mtu wa Tanga niliona kipande cha mti tu, kinene huku, chembamba huku, na kichafu. Nikamwambia hivyo. Alicheka, akaushika mkono wangu na kuupitisha juu ya gongo.

Gongo jipya, alinieleza, mtu hununua dukani. Hili lilichezewa. Palipobonyea ndipo mpira ulipogonga, penye weusi wa kunata mchezaji alipaka utomvu ili lisimteleze, na ule ufa karibu na mpini uliingia siku ambayo yeye, mtoto mdogo, alikuwa uwanjani na baba yake. Wakusanyaji wananunua makovu hayo, si mti. Macho yalipozima kabisa akawa anashinda nalo mapajani, kidole gumba kwenye ufa. Alisema ndicho kitu pekee anachokiona bado.

Kisha akaanguka bafuni, akapelekwa hospitali. Aliniomba nimtunzie gongo lake, maana mafundi wa jengo huingia kwake na funguo zao. Nikaliegemeza nyuma ya mlango wa jikoni.

Wakati huo mama alikuwa amekuja kututembelea, na London ilikuwa imeshamchosha. Mimi nashinda kazini nikihudumia wazee wa watu, yeye anashinda na televisheni asiyoielewa. Nilimwambia kitu kile ni cha mzee wa chini, aliyelazwa hospitali, na kinasubiri arudi.

Kwetu mgonjwa harudishwi kwenye uchafu. Wanawake hukusanyika, wakafua mashuka yake, wakasugua masufuria yake, asije akakuta ugonjwa unamngoja mlangoni. Mama hakuwa na ufunguo wa kwa mzee. Alichokuwa nacho ni gongo.

Niliporudi kutoka kazini nililikuta mezani juu ya kitambaa, jeupe. Alikuwa amelipiga msasa kuanzia juu hadi chini, ufa akauziba kwa gundi na unga wa mbao, akamalizia na mafuta ya nazi. Lilikuwa linang'aa na kunukia vizuri.

"Maskini, mzee wa watu alikuwa na mchi mchafu namna hii," mama alisema. "Sasa akirudi atafurahi."

Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Nikamwambia ahsante. Ningesema nini kingine? Makovu hayarudishwi na mtu, na mama alikuwa amesimama pale na vumbi la mbao kwenye kanga, anasubiri kusifiwa.

Mzee aliporudi nilimwekea gongo mapajani kabla sijapata maneno. Vidole vyake vilikwenda kwenye mpini, vikapanda, vikashuka, vikarudi tena. Akavinusa. Hapo nikamweleza yote. Nilitamani anitukane.

"Mama yako alifanya kwa wema?" aliuliza mwishowe.

"Kwa wema."

"Basi mpe. Langu halipo tena."

Mama alilia kwa furaha. Mtu asiyemjua, mgonjwa, amempa zawadi! Alilifunga ndani ya kanga na kuondoka nalo kwenda Tanga, na sasa linatwanga kisamvu. Majirani huja kuliazima. Kila akinipigia simu ananiagiza nimfikishie mzee salamu, nimwambie mti wake ni mzuri, hauchoki.

Jumapili nilishuka kumwambia. Alisema vizuri, amefurahi, na nimsalimie mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani. Kidole gumba chake kilikuwa kikipita juu ya mkono wa kiti, kinakwenda na kurudi, kinatafuta.